NANI ALILIPWA SIKU UTUMWA ULIPOKOMESHWA?



Siku ya malipo ya mwezi uliopita mzee mmoja alisimama mbele ya dirisha letu. Alikuja kuulizia karatasi ya mshahara ya mtoto wake, maana mtoto yuko katika zamu ya usiku na mchana ule alikuwa amelala. Tulipokuwa tukilitafuta jina, mzee akatuambia: "Bwana karani, ninyi watu wa gazeti hamchoki kuandika juu ya utumwa. Ndugu ya babu yangu alitiwa kongwa shingoni, akapelekwa ng'ambo ya ziwa, hakurudi. Huo ndio utumwa. Mtoto wangu hana kongwa. Anaamka, anapanda basi ya kazi, mwisho wa mwezi anapata fedha. Utumwa uliisha. Kwa nini mnaufukua?"

Tulimjibu: "Baba, tupe nafasi tukuandikie vizuri." Nafasi ndiyo hii.

Kwanza tukubali neno lake. Kongwa ni kongwa. Mtu anayesema kwamba kazi ya mshahara na kongwa ni kitu kimoja hajawasikiliza wazee wa Maniema. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa misafara ya utumwa walipiga bunduki katikati ya soko la Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Livingstone alikuwapo, akaona kwa macho yake. Watu mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua, walikufa kwa risasi na kwa maji ya mto. Njia zilizotoka huko zilipita Kasongo na Ujiji mpaka Bagamoyo na Unguja, na ndizo zilizotuletea lugha hii tunayoiandika. Wala tusiwasingizie wageni peke yao. Kwetu huku Katanga, Msiri wa Bunkeya aliuza shaba na pembe za ndovu, na watu aliwauza pia. Mambo hayo yalikoma, na kukoma kwake kulikuwa kwema. Juu ya hilo hatubishani na mzee.

Lakini sisi ni makarani. Desturi ya kazi yetu ni kwamba jambo lolote likiisha tunatafuta karatasi ya hesabu: nani alitoa, nani alipokea, nani alitia sahihi. Maneno ya hotuba yanapita, karatasi ya hesabu inabaki kabatini. Utumwa nao, ulipokomeshwa, uliacha karatasi zake, na nyingi zipo hata leo. Tuzifungue pamoja.

Tuanze London. Bunge la Uingereza lilitoa sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, na sheria ikaanza kazi tarehe 1 Agosti 1834. Watumwa walikuwa karibu 800,000, wengi wao katika visiwa vya Karibi, katika mashamba ya miwa. Bunge likatoa fidia ya paundi milioni 20. Zilikuwa fedha za kutisha: karibu sehemu mbili katika kila tano za matumizi ya serikali kwa mwaka mzima. Sasa jiulize, ndugu msomaji, fidia alipewa nani? Yule aliyekata miwa toka utoto bila mshahara? Yule aliyechapwa? Mama aliyeuziwa mtoto wake? Hao hawakupewa hata peni moja. Fidia walipewa mabwana, kwa kuwa wamepoteza mali yao. Kila mtumwa aliandikwa katika buku na kutiwa bei: fundi bei yake, mkata miwa bei yake, mzee asiye na nguvu bei yake, mtoto mchanga bei yake. Bwana akapokea sehemu ya bei ile. Makarani walioandika mabuku hayo bila shaka walikuwa na mwandiko mzuri.

Tena siku ya uhuru haikuwa uhuru. Sheria ilisema watumwa wa zamani wabaki kwanza kwa mabwana walewale, wakiitwa wanagenzi, kana kwamba mtu aliyelima miaka thelathini angali anajifunza kulima. Walitakiwa kufanya kazi hata saa 45 kila juma bila mshahara. Makelele yakawa mengi, mpango ukavunjwa mwaka 1838. Kwa hiyo bwana alilipwa mara mbili, mara moja kwa fedha na mara moja kwa jasho. Na sehemu kubwa ya fedha ile serikali iliikopa. Deni lilichanganywa na madeni mengine ya inchi, likabebwa miaka kwa miaka, halikumalizika kulipwa mpaka mwaka 2015. Maana yake mjukuu wa watumwa wa Jamaika, aliyehamia London na kuendesha basi huko na kulipa kodi yake vizuri, alikuwa akichangia deni la kuwatuliza mabwana wa babu zake. Hatukutunga hadithi hii. Iko katika hesabu za serikali yao wenyewe.

Watu wa Haiti hawakungoja sheria ya mtu. Walipigana, wakawashinda askari wa Napoleon, na tarehe 1 Januari 1804 wakatangaza uhuru wao. Miaka 21 ikapita. Mwaka 1825 mfalme wa Ufaransa, Charles wa Kumi, akapeleka manowari zenye mizinga na karatasi moja: Ufaransa itaitambua Haiti kuwa inchi huru ikiwa Haiti italipa franka milioni 150 kwa watu waliopoteza mashamba yao na watumwa wao. Ilipofika 1838 kiasi hicho kilipunguzwa, maana kililipika kwa shida kubwa. Haiti ilikopa kwenye benki za Paris ili ipate kuwalipa watu wa Paris. Deni hilo pamoja na mikopo iliyolifuata halikuisha mpaka 1947. Hebu tazama jambo hili: mtumwa ajikomboe kwa damu yake, kisha alipe bei ya mwili wake kwa yule aliyemshika. Sokoni kwetu mtu aliyeibiwa mbuzi hamlipi mwizi.

Marekani tutapita upesi, maana habari zake zinajulikana. Mwezi wa Januari 1865 jenerali Sherman alitoa amri kwamba ardhi ya pwani ya South Carolina na Georgia igawiwe kwa watu walioachwa huru, kila jamaa hata ekari 40. Watu karibu 40,000 walikwisha kuingia na kupanda. Kabla mwaka haujaisha rais Johnson akaanza kuwarudishia ardhi mabwana wa zamani. Waliobaki bila shamba wakalima shamba la bwana kwa kugawana mavuno, wakakopa mbegu, unga na nguo katika duka la bwana, na siku ya kupima pamba deni likawa kubwa kuliko pamba. Msomaji aliyewahi kukopa kantini na kukuta mshahara wote umekwisha kuandikwa kabla ya kuupokea, huyo hana haja ya maelezo zaidi.

Na Unguja, mahali njia za watumwa wa kwetu zilikoishia? Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea mashambani. Amri ya sultani, iliyotolewa chini ya mkono wa Waingereza tarehe 6 Aprili 1897, ilimpa mtumwa ruhusa ya kwenda mahakamani kudai uhuru wake. Bwana aliyempoteza mtumwa kwa njia halali alipata fidia. Mtumwa aliyeachwa alitakiwa aonyeshe ana mahali pa kukaa na njia ya kujilisha, na asipokuwa navyo ahesabiwe mzururaji. Lakini atakuwa navyo kwa njia gani? Shamba la mikarafuu ni la bwana, kibanda kiko katika shamba la bwana, hata mnazi ulio mbele ya kibanda ni wa bwana. Watu wengi wakabaki pale pale, wakipalilia mikarafuu ili waruhusiwe kukaa na kupanda mihogo yao chini ya miti.

Wazee walisema mkono mtupu haulambwi. Mtu akitolewa kongwa, akasimamishwa njiani bila shamba, bila jembe, bila mbegu, tumbo lake litamrudisha kwa bwana kabla jua halijazama. Hapana haja ya askari. Atabisha hodi mwenyewe na kuomba kazi, na bei ya kazi itapangwa na bwana, kwa sababu bwana anaweza kungoja hata mwezi na mwenyi njaa hawezi kungoja hata siku mbili. Hiyo ndiyo siri yote ya mambo tunayoyaita bei ya kazi. Watu wenyi elimu huandika mabuku makubwa kusema kwamba mshahara ni mapatano ya watu wawili walio huru. Ni kweli wako wawili. Lakini mmoja amekaa juu ya gunia la unga na mwingine amesimama na watoto wake mlangoni.

Sasa turudi kwetu. Wazee wetu walifundishwa shuleni kwamba Leopold wa Pili alikuja kuwakomboa na utumwa wa Waarabu. Waliimba nyimbo juu ya jambo hilo. Tuitafute karatasi yake.

Dola yake ilitangazwa tarehe 1 Julai 1885. Siku ileile ilitoka amri kwamba ardhi isiyo na wenyewe ni mali ya dola. Isiyo na wenyewe maana yake nini? Kwa macho yao, kila mahali pasipo nyumba na shamba lililopandwa: msitu wa kuwinda, mbuga iliyopumzishwa ipate nguvu, mahali pa kuchimba udongo wa vyungu. Ndivyo inchi ya watu ilivyokuwa inchi tupu, kwa kalamu. Mwaka 1887 Leopold alimfanya Tippu Tip, tajiri mkubwa wa misafara, kuwa gavana wake wa Stanley Falls, mahali tunapopaita Kisangani leo. Miaka miwili baadaye, 1889, wakubwa wa Ulaya wakakutana Brussels kushauriana namna ya kukomesha biashara ya watumwa, naye mfalme akawa mwenyeji wao, na mkutano ulipoisha 1890 alikuwa amepata ruhusa ya kutoza ushuru wa bidhaa zinazoingia Kongo, jambo alilokatazwa Berlin. Sababu iliyotajwa: gharama za kupiga vita utumwa. Kutoka 1892 mpaka 1894 askari wake wakapigana na wakubwa wa misafara, wakawashinda.

Na waliokombolewa? Wengi wao waliandikwa kuwa askari na wapagazi wa dola kwa miaka kadhaa, bila kuulizwa. Watoto walipelekwa katika makoloni ya watoto wakalelewe humo, na vijana wengi wakatoka humo askari. Katika miaka ileile, toka 1891, dola ikasema mpira na pembe za msitu ni zake peke yake, na kila kijiji kikapewa kiasi cha kuleta. Wanawake walifungwa mpaka waume warudi na mpira. Habari za mikono iliyokatwa zilisimuliwa dunia nzima baada ya ripoti ya Casement ya 1904, nasi hatutazirudia hapa. Tunarudia hesabu tu.

Mwaka 1908 Ubelgiji ikamwondolea mfalme koloni lake. Siku hiyo, ndugu wasomaji, ndiyo siku ya kukomeshwa utumwa wa mpira kwa sheria, na karatasi ya malipo ilitiwa sahihi. Ubelgiji ilichukua madeni ya dola, kiasi cha franka milioni 110. Ilikubali kutoa franka milioni 45 na nusu za kumaliza majengo ambayo mfalme alikuwa ameyaanza. Kisha ikampa mfalme mwenyewe franka milioni 50, alipwe kwa miaka, kuwa alama ya shukrani kwa taabu zake nyingi juu ya Kongo. Fedha ya shukrani hiyo haikutakiwa itoke mfukoni mwa mtu wa Ubelgiji. Ilitakiwa itoke Kongo. Aliyekatwa mkono alimlipa aliyeamuru. Mtu wa kijiji aliyeleta mpira miaka kumi na mitano hakupewa fidia, hakurudishiwa msitu, na amri ya ardhi ilibaki kama ilivyo.

Juu ya ardhi hiyo, iliyochukuliwa kwa kalamu, ndipo Union Minière ilipozaliwa, mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa 1911. Mashimo yalikuwapo, reli ilikuwapo, watu hawakuwapo, kwa sababu mtu mwenyi shamba lake na mto wake haendi shimoni kwa hiari. Ikaundwa ofisi ya kuandika watu, Bourse du Travail du Katanga, mwaka uleule wa 1910. Wakala wake alikwenda kwa chifu, chifu akatoa vijana. Kodi ya kichwa ililipwa kwa franka, na franka ilipatikana kwa mzungu peke yake. Hakuna aliyetiwa kongwa. Babu zetu wengi walifika mjini hapa kwa njia hiyo, wakiwa na kipande cha karatasi na blanketi, na katika kambi za mwanzo wengi walikufa kwa kuhara na kwa mapafu. Baadaye kampuni iliona hasara ya kupoteza watu, ikajenga nyumba, hospitali na shule, ikatoa posho kwa mke na watoto. Tunalisema hilo wazi, maana wazee wetu wanalikumbuka kwa heshima, na posho ile haikuwa uongo.

Lakini walipoomba bei ya jasho lao, jibu lilikuwa lingine. Mwaka 1941 vita ya Ulaya ilipandisha bei ya vitu, shaba ikatakiwa kuliko siku zote, mshahara ukabaki nyuma. Mwezi wa Desemba wafanyakazi waliacha kazi. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Lubumbashi, nao askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, aliuawa siku hiyo. Watu wengi walikufa pamoja naye, na hesabu ya maiti inabishaniwa mpaka leo. Katika habari zote tulizoandika juu, hii ndiyo karatasi moja ambayo makarani hawakuijaza vizuri.

Uhuru wa 1960 nao una karatasi yake. Siku chache kabla ya tarehe 30 Juni, Comité Spécial du Katanga, ambayo kwa njia yake dola ilikuwa na sauti kubwa ndani ya Union Minière, ilivunjwa, na hisa zikagawanywa hivi kwamba serikali mpya ya Kongo ilipoamka haikuwa na nguvu ya kuamua. Tulipewa bendera na wimbo. Mwaka 1967 serikali ilichukua migodi yenyewe, watu wakacheza njiani, na mwaka 1969 yakafanywa mapatano ya kuwalipa wenyi mali wa zamani fidia kutoka katika thamani ya shaba inayochimbwa. Mwenyi mali hasahauliwi kamwe. Ilipofika 2003, kampuni hiyo ya serikali ikiwa imekwisha kuanguka na watu wake wamekaa muda mrefu bila mshahara, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa kiasi cha fedha mara moja, wakatia sahihi kwamba wameondoka kwa hiari yao. Mji huu unawajua. Wengine ni baba zetu.

Tumesema mengi ya zamani. Mzee alituuliza juu ya mtoto wake, na kwa mtoto tunarudi.

Mtoto yule ni dereva wa lori kubwa katika mgodi. Tuliipata karatasi yake, lakini haikuwa katika buku letu. Ilikuwa katika buku la pili. Msomaji aliye mfanyakazi anajua tunasema nini. Katika migodi ya siku hizi kuna watu wa kampuni na kuna watu wa wakala. Wote huvaa kofia ileile, huendesha lori ileile, mmoja mchana na mwenziwe usiku, huleta mawe yaleyale yenye shaba na kobalti, kobalti ambayo zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani kote hutoka kwetu. Mtu wa kampuni ana mkataba usio na mwisho, kadi ya hospitali kwa mke na watoto, na jina lake limo katika hesabu ya pensheni. Mtu wa wakala ana mkataba wa miezi mitatu. Ukiisha anarudi nyumbani kungoja simu. Simu ikija, anatia sahihi tena, kama mtu mgeni aliyefika jana.

Kampuni haimlipi yeye. Inamlipa wakala kwa kila kichwa, wakala anakata sehemu yake, na kinachobaki ndicho mshahara. Sisi tunaoandika haya tumeshika karatasi zote mbili mkononi, ile anayolipwa wakala na ile anayolipwa dereva. Hatutaandika hesabu zake hapa, kwa sababu mkate wetu nasi unatoka humohumo, na mgodi wenyewe hatuutaji. Tunasema tu kwamba siku tuliyoziweka karatasi hizo pamoja juu ya meza, mwenzetu mmoja ofisini alifunga mlango kwanza kabla ya kuzisoma.

Je, huyu ni mtumwa? Mzee ana haki kusema hapana. Anaweza kuacha kazi kesho. Lakini akiacha atakwenda wapi? Mlima ambao babu yake aliulima umezungushiwa waya. Akienda kuchimba kwa mkono pembeni ya mgodi, atafukuzwa na walinzi, au atauza gunia lake kwa mnunuzi ambaye mzani ni wake na kipimo cha madini ni chake. Njia zote anazoweza kwenda zina mwenyewe amesimama mbele. Hapo ndipo hesabu ya 1834 inapofika mpaka dirishani kwetu. Walioachwa huru hawakupewa kitu, waliowashika walipewa mtaji, na mtaji ule ulizaa. Watu husema tajiri ni tajiri kwa sababu ya akili yake na maskini ni maskini kwa uvivu. Waende wakaseme hivyo kwa dereva wa zamu ya usiku.

Liko jambo moja ambalo babu zetu wa 1910 hawakuwa nalo. Sheria imeandikwa. Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema mkataba wa muda hauwezi kupita miaka miwili. Inasema tena kwamba mfanyakazi hafanyi na bwana mmoja mikataba ya muda zaidi ya miwili, wala mkataba wa namna hiyo haufanywi upya zaidi ya mara moja, isipokuwa kazi za msimu na nyingine chache zilizotajwa. Aliyepita hapo anahesabiwa kuwa ana mkataba usio na mwisho. Hata kibarua wa kutwa, akiwa amekwisha kufanya siku 22 za kazi katika miezi miwili, akiandikwa tena kabla ya miezi hiyo miwili kuisha, anahesabiwa hivyo hivyo. Mawakala wanaijua sheria hiyo kuliko sisi. Ndiyo sababu wakala mmoja ana majina mawili ya kampuni. Mwaka huu unaandikwa kwa jina la kwanza, mwaka ujao kwa jina la pili, na anayekupokea ni mtu yuleyule kwenye meza ileile.

Basi tunawaomba wasomaji neno moja. Usitupe mkataba wa zamani. Tunawaona watu wakifungia karanga karatasi zile. Ziweke zote mahali pamoja, hata zilizochanika, na uandike kwa nyuma tarehe uliyoanza na tarehe uliyotoka, na jina la kapita aliyekusimamia. Mtu mmoja akienda kwa mkaguzi wa kazi na karatasi moja, ataambiwa arudi kesho. Watu arobaini wa lori zilezile wakienda na karatasi zao mia na sitini zenye majina mawili ya wakala mmoja, hiyo ni kesi. Wenyi woga wa kutajwa walete karatasi kwetu. Majina yatabaki katika buku letu, nasi kufunga buku tunajua.

Mzee alipoondoka dirishani tulimwambia atafute mikataba ya mtoto wake chini ya godoro, mahali vijana wanapoweka karatasi zao. Amerudi juzi. Alipata minne, ya miezi mitatu mitatu, na majina mawili juu yake. Mtoto mwenyewe atakuja Jumapili baada ya misa, pamoja na wenzake wawili wa zamu ya usiku. Tumempa kiti cha kukaa na tumemwonyesha mlango wa nyuma.